Kuusifu Moshi wa 46

Wamesifiwa wengi katika lugha hii yetu, mashujaa na mahabubu na hata minazi, wala sijaona aliyeshika kalamu kuusifu moshi wa dizeli, ilhali hapa Kawangware, Nairobi, pale Naivasha Road zinapokusanyika matatu za njia ya 46, ndio unaotulaki alfajiri kabla ya jirani yeyote kutuamkua.

Lori la mchanga husimama ubavuni mwa kibanda cha mandazi, dereva akashuka kutafuta chai na injini akaiacha ingurume, kwa hoja isiyo na mpinzani: betri imechoka, na akizima nani atalisukuma? Mama muuzaji hufunika beseni lake kwa gazeti, na moshi, usiokubali kunyimwa riziki, hupenya chini ya gazeti ukayapaka mandazi wanja.

Wala msiudharau. Wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka daraja la pili mwaka 1988, na Juni 2012, baada ya kuuchunguza upya, ukaupandisha la kwanza, safu moja na tumbaku na asbesto. Wangapi kwetu wamepanda cheo bila ya kuhonga mtu?

Mahasidi hawakukosekana. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 42, ilimpa kila mtu haki ya mazingira safi. Kanuni za hewa zikafuata mwaka 2014. Na Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zikapunguza kibiriti katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, hata wapenzi wa moshi tukadhani utaadimika. Hofu bure: injini kuukuu haina habari na gazeti la serikali.

Huko New York lori lililosimama huruhusiwa kunguruma dakika tatu tu, na karibu na shule dakika moja, na raia anayelinasa kwa simu na kulishtaki hupata robo ya faini. Desturi hiyo Mola atuepushie. Matatu ya 46 haiondoki mpaka ijae, na saa nne asubuhi, abiria wakiwa haba, ni ile ngurumo, na mguu wa dereva unaokanyaga mafuta kidogo kidogo kana kwamba safari ndiyo hii, inayomghilibu abiria aketi; ikizimwa, atashuka aende kwa miguu. Na robo ya faini ingelipwa hapa, mama yule angehamia Lavington kwa matajiri kabla ya mwezi kuandama, nasi tukakosa mandazi.