Kaskazi Inavuma Kwenye Soketi

Wauza madirisha wa Minneapolis wana pua ya kunusa baridi. Theluji ya kwanza haijatua, kijana amekwisha piga hodi, viatu vinang'aa, kabrasha kwapani. "Vioo vitatu," anasema, "katikati gesi ya agoni, bili inakatika nusu." Nusu ya nini, hasemi. Kwa bei yake ungenunua kiwanja Tanga ukabakiwa na hela ya tofali.

Aliyekuja kuuza tanuri la gesi ndiyo kabisa. Hakushika hata kalamu. Alitupa jicho sebuleni, akauliza nyumba ina futi ngapi za mraba, akatamka: kilowati 29. Umezipataje? Eti uzoefu. Hata mpiga ramli humwaga kokoto kwanza.

Na hesabu yenyewe mtoto wa darasa la saba anaiweza. Pima eneo la ukuta au dirisha, zidisha kwa kiasi cha joto linachopitisha, zidisha tena kwa tofauti ya joto la ndani na la nje. Basi. Kwa joto la nje, wahandisi hawatumii siku mbaya kuliko zote, kama ile Januari 2019 tuliposhuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri na posta ikagoma kupeleka barua. Kwa mji huu wanatumia kama 24 chini ya sifuri, kwa sababu saa zenye baridi kuliko hiyo ni chache mno kwa mwaka. Ndani mama watoto anataka 21, na sina ubavu wa kubishana naye. Tofauti ni 45.

Madirisha yangu yote ni mita 20 za mraba. Kioo kimoja kitupu hupitisha wati 5 na ushee kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Hicho ndicho alichokipigia hesabu yule kijana. Ila nyumba kongwe za huku zina dirisha la pili kwa nje, la kufunga wakati wa baridi, na ukilihesabu hilo unashuka hadi karibu wati 3. Kwangu ni wati 2,700. Vioo vyake vitatu vingenifikisha 900. Naokoa 1,800, si haba, lakini si kiwanja cha Tanga.

Kinachonila ni upepo. Nyumba yangu ina ukubwa wa mita za ujazo 400. Hewa yake yote ikibadilika mara moja kwa saa, hizo ni karibu wati 6,000, na wala hazipiti kwenye kioo. Hewa ya moto hupanda, ikatokea darini kwenye matundu ya nyaya na kandokando ya bomba la moshi, na ikitoka juu huvuta baridi kwa chini. Fundi alikuja na feni kubwa, akaiziba nayo nafasi ya mlango, akavuta hewa hadi tofauti ya shinikizo ikawa paskali 50, kisha akazunguka na kimoshi mkononi kutafuta panapovuja. Mama mkwe, aliyekuja kuona wajukuu, alikuwa amekwisha kutoa ripoti yake bila mtambo: "Baba, kwenye soketi hii kaskazi inavuma." Fundi akapeleka kimoshi. Soketi.

Tulipojumlisha kuta, dari na chumba cha chini, nyumba nzima ikaja kilowati 15. Yule wa uzoefu alitaka kuniuzia karibu mara mbili yake. Tanuri kubwa hivyo huwaka, likanguruma, likazima kabla chumba cha nyuma hakijapata habari. Na chumba cha nyuma ndiko anakolala mama mkwe.

Basi fundi akaziba matundu kwa povu, akaongeza sufi darini, madirisha yakabaki yale yale. Joto limekaa. Lakini samaki anayekaangwa Ijumaa, Jumatatu bado tunamnusa, na vioo vinatiririka maji asubuhi. Fundi anasema nyumba iliyozibwa hivi inataka mashine ya kuingiza hewa safi huku ikiipokonya joto ile inayotoka. Nikauliza zinauzwa wapi. Kijana wa madirisha anazo, ukurasa wa mwisho wa kabrasha.