Rangi 7 za Kingamwili, Kuanzia ya Mwisho: Njoo Tubishane

Tuelewane kwanza. Kingamwili ni protini inayomtafuta adui mmoja tu na kumng'ang'ania. Shida ni kwamba ikimpata haisemi. Ndiyo maana watu wa maabara huibandika rangi inayowaka ikipigwa mwanga, kisha wanachungulia kwenye hadubini. Kila mwenye hadubini ana rangi anayoiapia. Mimi nimezipanga kwa kigezo kimoja, na sidai ni cha haki: maabara ikifunguliwa kesho hapa Sanga, Kamina, ipi itapewa nafasi kwenye friji? Anayebisha anajua kituo cha treni kilipo, tukutane hapo.

7. Nukta za kwanta
Ni punje ndogo mno, nyingi zake za kadmiamu na seleniamu, na rangi yake inategemea ukubwa: ndogo buluu, kubwa nyekundu. Nobel ya Kemia ya 2023 ilikwenda kwa Bawendi, Brus na Ekimov kwa ajili yake. Hazichoki kuwaka, lakini punje moja moja hupepesa: yawaka, yazima, yawaka. Sasa wewe, mtu wa Katanga, ulipie kitu kinachowaka na kuzima? Na kadmiamu yenyewe ilikuwa ikitoka kwetu Kipushi pamoja na zinki!
*Hukumu:* warudishe kwanza madini yetu.

6. Cy5
Ilizaliwa kwa Alan Waggoner, Carnegie Mellon, Pittsburgh. Inawaka karibu na nanomita 670, kwenye wekundu wa mbali ambako tishu zenyewe haziwaki ovyo, kwa hiyo picha inatoka safi. Picha ya kamera, maana jicho lako haliambulii kitu. Juu ya hayo, ozoni ya hewani huitafuna.
*Hukumu:* umemlipa mcheza ngoma acheze nyuma ya ukuta.

5. Rodamini (TRITC)
Imo tu. Ukishakuwa na ya kijani na unataka nyekundu ya pembeni, unaichukua. Ina tabia ya kujikusanya na kunata pasipoitwa.
*Hukumu:* tuendelee.

4. Fikoeritrini, au PE
Hapa watu wa Zanzibar wakae vizuri. PE hutoka kwenye mwani mwekundu, ukoo uleule wa mwani unaolimwa Paje na Jambiani, ambamo kazi yake ni kuvuna mwanga majini. Inang'aa kupita karibu zote za orodha hii. Ndiyo iliyobeba kingamwili ya CD4 kwenye mashine za FACSCount, zilizohesabu seli za CD4 za wagonjwa wa UKIMWI Afrika nzima.

Mbona basi ya nne? Kwanza, uzito: kilodaltoni 240, wakati kingamwili yenyewe ina 150. Mzigo unamzidi mbebaji! Pili, chini ya taa ya hadubini inafifia upesi. Tatu, inataka nyuzi 2 hadi 8, na ukiigandisha umeiua. Umeme unaokatika na kurudi utakavyo hauwezi kulea mtoto huyu.
*Hukumu:* malkia wa mashine za kuhesabu, mjane wa hadubini.

3. DAPI
Nasikia kelele: "DAPI haibandikwi kwenye kingamwili!" Kweli kabisa, yenyewe hushika DNA na kuwaka buluu. Imeingia kwa mlango wa nyuma na mimi ndiye bawabu.

Sababu ninayo. Ilitengenezwa 1971 katika maabara ya Otto Dann, Ujerumani, walipokuwa wakitafuta dawa ya vimelea vya malale, ugonjwa ambao nchi yetu ya Kongo ndiyo iliyobeba mzigo wake mkubwa zaidi. Dawa haikupatikana humo. Lakini mpake DAPI kimelea wa malale uone: nukta mbili za buluu, kubwa ya kiini na ndogo ya DNA yake ya pembeni.
*Hukumu:* ilishindwa kumuua, ikaamua kumpiga picha.

2. Alexa Fluor 488
Richard na Rosaria Haugland wa Molecular Probes, Oregon, waliipa familia hii ya rangi jina la mtoto wao Alex. Ni kijani kama namba moja, kichujio kilekile, ila haififii haraka na pH kuanzia 4 hadi 10 haiisumbui. Kwa ubora ndiyo bingwa, na hapa ndipo mtakaponirushia mawe. Tatizo ni bei.
*Hukumu:* mkwe mzuri, mahari hayalipiki.

1. FITC
Naam, kizee! Fluoreseini ilitengenezwa na Adolf von Baeyer mwaka 1871. Albert Coons wa Harvard alianza na rangi ya buluu 1941, akakuta tishu nazo zina buluu yake, akahamia kijani. Toleo lake la kwanza lilidai gesi ya fosjini, sumu ya vitani. Mwaka 1958 Riggs na wenzake wa Kansas wakaleta FITC, unga unaokaa.

Kasoro zake nazijua. Inafifia ukiitazama. Tindikali inaizima. Ukiibandika kwa pupa, molekuli zinazimana zenyewe kwa zenyewe; tatu hadi sita kwa kila kingamwili zinatosha. Na usiibandikie ndani ya bafa ya Tris, itashikwa na Tris.

Lakini karibu kila hadubini ya floresenti ina kichujio chake, na ndiyo rangi ya kipimo cha kichaa cha mbwa kilichoelezwa na Goldwasser na Kissling 1958: ubongo wa mbwa, asetoni baridi, vidoa vya kijani. Mbwa akimuuma mtoto Sanga, hakuna atakayeuliza habari za Cy5.
*Hukumu:* mzee anayefika kazini kila siku.

0. Kutowaka kabisa
Hamkuitarajia. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya sampuli za Tanzania: kipimo cha kichaa cha mbwa kiitwacho dRIT, chenye kingamwili za bayotini na rangi nyekundu ya kawaida, kilikubaliana na kile cha FITC. Kinasomwa kwa hadubini ya kawaida. Kwa hiyo kabla hujaanza kutetea Alexa yako, niambie kwanza: hadubini yako ina taa gani, na friji yako ililala na umeme jana?