Mjomba, Rudisha Nyuma Kidogo

Kuna watu wanaotazama trela ya gemu mara moja, wakasema "nzuri," wakaendelea na shughuli zao. Wapo, nimewaona, wana afya njema na madeni ya kawaida. Mimi na mpwa wangu hatumo katika kundi hilo. Kwetu sisi trela ya Pokémon haitazamwi, inasimamishwa. Inakwenda nusu sekunde, inasimamishwa. Tunakagua kona ya juu kushoto, tunakagua kivuli nyuma ya mti, tunabishana kama ile ni nyasi au mkia, kisha mtoto anasema, "Mjomba, rudisha nyuma kidogo," na kazi inaanza upya. Filamu ya dakika chache inakula jioni nzima. Mkataba wangu wa kupanga nyumba, wenye kurasa kadhaa na vifungu vya kutisha, niliusaini nimesimama mlangoni.

Kwa asiyejua, Pokémon ni gemu ya kukamata na kukusanya vidubwana, na ilianza kuuzwa Japani tarehe 27 Februari 1996. Aliyeibuni, Satoshi Tajiri, utotoni alikuwa akikusanya wadudu, na wazo likatoka huko. Vidubwana vya kwanza vilikuwa 151, na huyo wa mwisho ndiye aliyetuharibu. Anaitwa Mew. Mtunzi wa programu Shigeki Morimoto alimchomeka dakika za mwisho kabisa, katika kijinafasi kilichobaki baada ya zana za majaribio kuondolewa. Siri ilipovuja, jarida la watoto la CoroCoro likatangaza kwamba litawagawia Mew watu 20 tu. Wakaomba kama 78,000. Watoto wa nchi nyingine, ambao jarida hilo halikuwafikia, wakaaminishana kwamba Mew amefichwa chini ya lori lililoegeshwa bandarini ndani ya gemu. Walilihangaikia lori lile miaka na miaka. Chini yake hapakuwa na kitu.

Mimi nasema ugonjwa wetu ulianzia hapo. Kampuni ikishaficha kitu mara moja na kikapatikana kweli, basi, imeshatengeneza kizazi kizima kisichoweza kuona kivuli kikakiacha kiwe kivuli. Mwaka 2019 watu wazima, wenye familia zao, waliukagua mti mmoja katika picha za gemu za Pokémon za Sword na Shield, wakauweka kando ya mti wa gemu ya mwaka 1998, wakatoa hukumu kwamba wa zamani umetengenezwa kwa heshima zaidi. Mti! Nami nilikuwa na maoni yangu juu ya magome.

Basi, tarehe 27 Februari 2022 likatoka tangazo la gemu mpya za Pokémon, Scarlet na Violet. Trela ile ya kwanza ilianza na mlinzi halisi, binadamu, akizunguka ofisini wakati watu hawapo. Mpwa wangu alitaka kujua kuna nini juu ya meza anazozipita. Mimi niliduwaa na mlinzi mwenyewe, kwa sababu huyu wa jengo letu usiku humwoni akizunguka, ni wewe unayemzunguka yeye na kiti chake ili upate kupita.

Trela ya pili, tarehe 1 Juni, ndiyo iliyotumaliza. Kwa saa za kwetu ilitoka Jumatano saa kumi alasiri, wakati mtu mwenye adabu yuko kazini. Niliwaambia wenzangu naingia stoo kutafuta faili. Nikaitazama humo, katikati ya maboksi, nikatoka bila faili lakini na tarehe: gemu itatoka Novemba 18.

Jioni tukakaa rasmi. Ushahidi wa kwanza ulikuwa maprofesa. Kila toleo lilikuwa na wake: Scarlet ina mama anaitwa Sada, Violet ina baba anaitwa Turo. Sada, chini ya koti jeupe la maabara, kavaa ngozi za wanyama na mkufu wa meno. Turo kavaa suti ya kubana ya mtu anayengoja chombo cha kwenda mwezini. Nchi ya gemu, Paldea, imechukuliwa kutoka Hispania, na kwa Kihispania wakati ujao ni futuro. Mpwa wangu alisoma majina yale mawili kwa sauti, akanyamaza, kisha akasimama juu ya kochi. Mmoja wa zamani, mmoja wa kesho! Alipatia kabisa, na mama yake hadi leo anauliza kipaji hiki kinakuwa wapi wakati wa mtihani wa Jiografia.

Ushahidi wa pili ulikuwa majitu mawili ya kwenye maboksi ya gemu, Koraidon na Miraidon. Mijusi mikubwa. Mtoto akaonyesha kifua cha Koraidon: kuna kitu cha duara. Akaonyesha mkia: umejikunja duara. "Mjomba, hizi ni tairi. Huyu ni pikipiki." Nikamwambia kwa utulivu wa mtu mzima kwamba Wajapani ni watu makini, hawawezi kumgeuza mjusi bodaboda. Tarehe 3 Agosti ikatoka trela nyingine, na mwanafunzi kakaa mgongoni mwa mjusi, wanapasua mbuga. Cha ajabu zaidi, mjusi anakimbia kwa miguu. Tairi ya kifuani ipo na haigusi ardhi. Nilimwonyesha fundi pikipiki wa pale chini kwetu, mtu asiyejua lolote kuhusu Pokémon. Alitazama kwa makini ya kitaalamu, akauliza, "Sasa hizo tairi ni za nini?" Dunia nzima ilikuwa ikiuliza hivyo hivyo, ila yeye peke yake aliuliza huku ameshika spana.

Halafu kulikuwa na suala la Lechonk. Lechonk ni nguruwe. Sina namna ya kulizungusha hilo. Ni kidubwana kidogo, cha duara, chenye mashavu, na kilipotokea kwenye trela ya Juni watu mitandaoni walikipenda papo hapo. Sisi pia. Mama yangu alipita sebuleni na tasbihi yake mkononi akatukuta tumeiinamia picha iliyosimamishwa, mjukuu wake akisema "Jamani, huyu! Huyu!" kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa mchumba.

"Mnyama gani huyo?"

"Mbuzi, bibi."

"Mbuzi gani ana pua ya soketi?"

Nikaona niingilie. Nikamweleza kwamba ni mnyama wa kubuni, kwamba watengenezaji wenyewe wamesema hali uchafu, anachagua majani yenye harufu nzuri, na kwamba mwili wake unanukia. Mama alifikiri kidogo. "Hata akijipaka marashi," akasema, akaenda zake kuswali. Ila hakulisahau. Baada ya hapo kila akitukuta na simu ananiuliza yule mbuzi wetu hajambo.

Sasa nije kwenye bando.

Trela ile ya Juni ilikuwa inakwama. Si yote, vipande fulani fulani. Mhusika anakimbia vizuri, ghafla picha inasita, inaruka, inaendelea. Anayeishi kwetu akiona video inasita hafikirii sanaa, anafikiri mtandao. Nikazima data nikawasha. Nikasimama dirishani. Nikatoka kwenye kibaraza na simu juu ya kichwa, mpwa wangu akisoma maendeleo kutoka ndani: "Bado, mjomba. Bado." Nikanunua bando la kasi zaidi, lile ambalo kwa kawaida nanunua mwisho wa mwezi nikiwa na hasira. Bado. Bando likaisha tukiwa kwenye sekunde ile ile.

Tukapanda kwa jirani wa ghorofa ya tatu mwenye intaneti ya waya. Alikuwa anatazama mpira. Nikamwambia ni jambo la mtoto la shule. Akatupisha kwenye televisheni yake kubwa, kwa uungwana ambao hatukuustahili, na kwenye televisheni ile kubwa trela ikakwama kwa ukubwa zaidi. Jirani akaona aibu, akasema waya wake huwa haufanyi hivyo, akaenda kuchomoa kile kiboksi chenye taa na kukichomeka tena. Mpira ukamkatikia. Goli lilifungwa wakati taa bado inamweka. Tulilisikia kutoka nyumba ya pili.

Kesho yake nikapiga simu huduma kwa wateja. Baada ya muziki mrefu akapokea dada mmoja mwenye sauti ya upole wa kulipwa.

"Ni video gani inayokukwamia, kaka?"

"Ni ya… kuna wanafunzi, wanatembea porini. Kuna mijusi."

"Sawa. Na inakwama vipi?"

"Hawa wa mbele wanatembea vizuri. Ila wale wa mbali, wale wanaopita nyuma, wanatembea kwa kushtuka shtuka. Wanaganda, wanasogea, wanaganda."

Kimya. Nikasikia wenzake wakihudumia wateja wenye matatizo ya kawaida.

"Kwa hiyo wa mbele wanatembea vizuri?"

"Vizuri kabisa."

"Kaka," akasema, sasa bila ule upole wa kulipwa, "mtandao ukikwama unakwama kwa wote. Hauchagui wa nyuma."

Nimesoma chambuzi nyingi za trela hiyo, baadhi zikiwa ndefu kuliko gemu yenyewe. Zilihesabu tairi, zilipima zeituni iliyo kichwani mwa kidubwana Smoliv, zilitabiri mageuzi ya vidubwana ambavyo havikuwepo. Uchambuzi bora kuliko zote ulifanywa na dada yule wa kwenye simu, ambaye hata trela hakuiona.

Novemba 18 ikafika. Shangazi wa mtoto yuko Dubai, ndiye aliyetuma gemu. Nakala milioni 10 ziliuzwa duniani katika siku tatu za kwanza, na katika nyumba hizo zote watu wa nyuma walikuwa wakitembea kwa kushtuka shtuka. Vinu vya upepo vilizunguka kwa kusitasita. Tarehe 1 Desemba, pamoja na sasisho la 1.1.0, Nintendo ikasema inafahamu kwamba wachezaji wanaweza kukutana na matatizo ya utendaji wa gemu, ikaomba radhi. Mpwa wangu alinisomea taarifa hiyo, kisha akauliza kama naweza kumpelekea jirani nakala. Pamoja na hayo yote gemu ilikuwa tamu, na lazima niseme hivyo. Hadithi ya profesa na kile alichokuwa akikitafuta ilimfanya kijana mwenye kelele kiasi kile akae kimya hadi mwisho, na Lechonk alikuwa ndiye wa kwanza kukamatwa, tena sauti ya televisheni ikiwa imepunguzwa.

Ungedhani tulipona. Tarehe 27 Februari 2024 ikatoka trela ya gemu nyingine ya Pokémon, Legends: Z-A. Safari hii walituonyesha jiji la Lumiose, ambalo ni Paris ya gemu hizi, kwa michoro ya mistari mitupu. Gemu yenyewe hawakuonyesha hata kidogo, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa nyuma wa kukwama. Itatoka 2025, wakasema, na kweli ikatoka Oktoba 16. Nilidhani hapa hapana cha kuchambua. Mpwa wangu, aliyekuwa amekua na sauti imevunjika, alikuwa tayari ameisimamisha.

"Mjomba, umeona hii?"

Kwenye kona ya chini, karibu na ukingo, palikuwa na tone dogo la kijani. Mapigo ya moyo yalinibadilika. Zygarde! Kidubwana cha mwaka 2013, ambacho watu walikuwa wanadai gemu yake miaka yote hiyo, na ambacho vipande vyake hutawanyika vikiwa vidogo, vya kijani, namna ile ile. Tukarudisha nyuma. Lipo. Tukapeleka mbele. Bado lipo, mahali pale pale, katika kila picha, hata kwenye nembo ya kampuni. Mtoto alikuwa ameanza kuandika nadharia kwamba ndiye anayelitazama jiji zima tangu mwanzo.

Dada yangu akaja kuondoa sahani za chakula cha usiku. Alisimama nyuma yetu kidogo, akashika ncha ya kanga yake, akaupangusa mchicha kwenye kioo.