Kaka, Mashine ya Bisi Haiji

Des Moines, Iowa

Kaka,

Shikamoo. Mpe Mama shikamoo yake ya peke yake, wifi msalimie sana, na watoto wote wa hapo nyumbani waambie nawakumbuka, hata yule anayenipigia usiku wa manane kuniuliza kama huku kumekucha. Mimi ni mzima. Dhumuni la waraka huu ni bisi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na pale jogoo alipoingilia mazungumzo. Nimeelewa. Unataka mashine ya bisi ya Marekani uiweke mbele ya shule pale Chumbageni, na kwa kuwa mdogo wako anaishi Iowa, basi kazi yake ni kutoka nje na kuokota. Kuhusu mahindi hukukosea, jimbo hili ni mahindi mwanzo mwisho. Kule Sioux City kuna kampuni ya ukoo mmoja inayouza mahindi ya bisi tangu 1914. Na katika kimji kiitwacho Sac City wameweka donge moja la bisi lenye uzito wa zaidi ya tani 4, lililofinyangwa 2016 na kujengewa nyumba yake kando ya barabara. Haliliwi. Watu wanasimamisha magari, wanapiga nalo picha, wanaondoka. Usimwambie Mama.

Sasa mashine. Umeme wa huku ni volti 120, wa kwenu 230. Ukiichomeka hapo Tanga utapata bisi moja tu, nayo ni mashine yenyewe. Kuna transfoma za kupunguza umeme, ndiyo, lakini ya kuibeba mashine kubwa hivyo ni mzigo wa kubebwa na wanaume wawili, na ndege inapima kilo. Hilo nimelifunga. Lakini nakujua: utasema nimekuwa mchoyo tangu nipande ndege. Kwa hiyo nimezijaribu njia wanazotumia watu wa huku majumbani, nikisaidiwa na jirani yangu, mama mmoja wa Bukavu, ambaye hana subira na chakula kisichoshibisha. Hakimu mzuri kuliko huyo sijamwona.

Njia ya kwanza, ambayo ndiyo ya taifa zima, ni maikrowevu. Unanunua kipakiti cha karatasi kilichokunjwa, ndani mna punje, mafuta na chumvi, unakitupia humo na kubonyeza. Maikrowevu yangu ina kitufe maalumu cha bisi, kimeandikwa kabisa. Pakiti nayo imeandikwa kwa herufi nzito: usitumie kitufe cha bisi. Mtengenezaji wa mashine na mtengenezaji wa bisi hawajapatanishwa mpaka leo, na mlaji yuko katikati. Pakiti inachotaka ni usimame uitegee sikio. Milio ikianza kuachana kwa sekunde 2 au 3, uzime. Mmarekani ambaye hana dakika mbili za kumsubiri mtoto wake avae viatu anatakiwa asimame mbele ya sanduku la chuma akihesabu milio! Hasimami. Anakwenda kuoga.

Ndiyo maana Januari iliyopita, usiku, nje barafu tupu, king'ora cha moto kililia jengo zima. Sheria ni kutoka, huulizi. Tukatoka. Kaka, laiti ungetuona! Mzee mmoja kabeba paka ndani ya koti, yeye mwenyewe miguu iko kwenye ndara. Mama wa Bukavu kajifunga vitenge viwili juu ya blanketi, mkononi ana mkoba wa nyaraka, maana yeye aliwahi kukimbia kweli na anajua cha kuchukua. Magari mawili ya zimamoto yakaja yakipiga ving'ora, wanaume wanane na kofia zao wakapanda ngazi mbio. Wakashuka polepole. Wa mwisho ameshika kwa koleo kipakiti cheusi kinachofuka moshi. Mwenyewe, kijana wa ghorofa ya tatu, tulishamtambua kabla hawajashuka, kwa sababu harufu ilikuwa imemng'ang'ania kwenye nywele. Mama wa Bukavu akaniuliza, na swali nikashindwa kulijibu: yaani serikali inatuma magari mawili kwa ajili ya mahindi?

Huyo aliyeyaleta mahindi kwenye maikrowevu hakuwa mpishi. Ni Percy Spencer, fundi wa mitambo ya rada asiyemaliza hata shule, na mwaka 1945 alipogundua kwamba mawimbi ya mitambo yake yanapasha chakula, mahindi ya bisi yalikuwa miongoni mwa vitu vya mwanzo alivyovijaribu. Simlaumu. Yeye alisimama akayatazama.

Njia ya pili ni kijimashine cha upepo wa moto, ambacho ni draya ya saluni iliyobadili kazi. Hakitaki mafuta hata tone, na madaktari wanakipenda. Kina kelele, halafu kina tabia ya kuzitema punje kabla hazijapasuka, zinaruka zinaangukia nyuma ya friji. Bisi zenyewe zinatoka nyeupe, nyepesi, nzuri kwa macho. Tatizo ni chumvi. Bila mafuta chumvi haina pa kushika, inateremka yote chini ya bakuli, ukimaliza bisi unabaki na chumvi yako kama ulivyoinunua. Mama wa Bukavu alitafuna kidogo akauliza chakula kiko wapi.

Kwa hiyo tukarudi kwenye sufuria, kaka, na hapa naomba unisikilize kwa sababu ni biashara yako. Punje ya bisi ina maji ndani yake, kama asilimia 14 ya uzito wake, na ganda gumu lisilovuja. Ikifika joto la nyuzi 180 hivi, yale maji yameshakuwa mvuke, unasukuma ganda kwa nguvu ya karibu mara 9 ya hewa tunayoivuta, ndipo linapasuka. Mahindi ya ugali hata uchochee mpaka kesho yatakaangika tu, mvuke unayatoka kabla haujapata nguvu. Usikubali muuzaji wa sokoni akuchanganyie. Na punje zikikauka mno zinagoma, kwa hiyo gunia usilianike juani kwa nia njema. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko.

Mafuta kidogo, punje tatu za majaribio. Zikilia, mimina nyingine, funika, tikisa. Mfuniko uuache upenyo mdogo. Mvuke usipotoka, bisi zinasinyaa na kuwa za kutafuna kama mpira. Wifi anayajua haya yote tangu hajaolewa, muulize.

Na mafuta yenyewe, utacheka. Sinema nyingi za huku zilikuwa zikikaangia mafuta ya nazi, mpaka 1994 watetezi wa lishe wa Washington walipopiga kelele kuhusu moyo na mishipa, wenye sinema wakatafuta mafuta mengine. Leo mafuta hayohayo ya nazi yamerudi madukani kama chakula cha watu wa afya, kwa bei ambayo Mama akiisikia ataupanda mnazi mwenyewe. Nimekaangia. Ni kweli, hakuna yanayoyafikia. Mama wa Bukavu alimaliza bakuli, akauliza kama zimebaki.

Basi hukumu ni hii. Nakuletea sufuria la alumini lenye mpini wa kuzungusha juu ya mfuniko: ukizungusha, waya wa ndani unakoroga punje zisigande chini. Halitaki umeme, kwa hiyo hata mgao ukija wewe unauza. Nimelijaribu kwenye gesi, dakika tatu limejaa. Kwenye mkaa sharti moto uwe wa wastani, kwa sababu alumini yake ni nyembamba na ikiungua haisuguliki. Watoto wa shule wataupenda huo mzunguko kuliko mashine yoyote, ila usiwaachie waushike, mpini ni wa plastiki.

Atalileta mwenyeji wa Muheza anayerudi Desemba. Wifi asilitumie kupikia maharage. Gharama ya mzigo nimeikata kwenye ile hela ya mbuzi wa Idi uliyesema umeshamnunua na anakula vizuri. Picha ya mbuzi bado naisubiri.

Mdogo wako