Kitenzi na Wapambe Wake

Kitenzi cha Kiingereza hakitembei peke yake. Kina wapambe, kama mgombea ubunge: mmoja mmoja wanatangulia, wengi wanafuata nyuma, na ukimwacha mmoja stendi, msafara mzima unaishia mkutano mwingine. Kiswahili hakina shida hiyo. "Nitakupikia" ni neno moja tu, lakini mpishi yumo, anayepikiwa yumo, wakati umo, na ile nia njema ya kupika kwa ajili ya mtu imo pia, imejificha kwenye kaherufi kamoja. Walimu wetu wanaiita kauli ya kutendea. Kisukuma nacho kinayo. Kwa hiyo mtoto wa Maganzo anaingia kidato cha kwanza akiwa na lugha mbili ambazo kitenzi kinajibebea mzigo wake chenyewe, halafu anakabidhiwa ya tatu, na hiyo ndiyo atakayofundishiwa Fizikia.

Kwa asiyepajua, Maganzo ni mji wa wilaya ya Kishapu, kwenye barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza, mlangoni kabisa mwa mgodi wa Mwadui. Hapo Mwadui ndipo mjiolojia John Williamson kutoka Kanada alipokuta almasi mwaka 1940. Tangu hapo watu wetu wanaishi kwa mawe: wapo wanaochimba, wapo wanaochekecha, wapo madalali, na wapo wanaowauzia wote hao wali maharage. Wageni hawaishi kupita, kwa hiyo Kiingereza hapa si cha kujionyesha. Ni cha kutafutia hela. Mimi jioni nawafundisha watu wazima kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la saruji, na huko ndiko ninakokutana na msafara wenyewe.

Tuanze na mama ntilie wetu wa stendi. Aliamua kuvuta wateja wa kigeni, akamlipa fundi wa mabango, na ukutani kukaandikwa kwa rangi nyekundu: "WE COOK YOU EVERY DAY IN THE POT WITH LOVE." Wageni wakawa wanasimama, wanasoma, wanapiga picha, kisha wanavuka barabara kununua biskuti. Siku moja mama akanifuata.

"Mwalimu, mbona wanapiga picha tu, hawaingii?"

"Mama, bango linasema mnawapika."

"Si ndiyo, tunawapikia!"

"Hapana mama. Linasema mnawapika wao."

Akaangalia sufuria. Akaniangalia mimi. "Kwenye sufuria?"

"Kila siku."

"Na hilo la upendo?"

"Hilo ndilo linalotisha zaidi."

Kilichokosekana ni mpambe mmoja wa herufi tatu, "for", anayefanya huku nje kazi ambayo kwetu inafanywa ndani ya kitenzi. Fundi akaitwa arekebishe. Katikati hapakuwa na nafasi, akaona asihangaike, akambandika mpambe pale palipobaki wazi, mwisho wa mstari: "WITH LOVE FOR". Upendo kwa ajili ya nani, bango halisemi. Mama anasema ni kwa ajili ya yeyote mwenye hela.

Darasani mambo hayakuwa na nafuu. Niliwaambia waandike sentensi moja ya historia ya kwetu. Kijana mmoja mchekechaji akaenda moja kwa moja kwenye lile jiwe la waridi la Mwadui la karati 54.5, ambalo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947, likachongwa likabaki karati 23.6. Akaandika: "Williamson gave Princess Elizabeth to the pink diamond in 1947."

Ukiisoma kwa jicho la Kiswahili, haina kosa. Sisi tunasema "Williamson alimpa Binti Mfalme almasi": mpokeaji kwanza, kitu baadaye, kihusishi cha nini? Na Kiingereza kinaukubali mpangilio huo huo, mradi usimwingize "to". Ukimwingiza tu, yeyote anayesimama nyuma yake ndiye mpokeaji. Kwa hiyo, kwa maandishi ya kijana wetu, jiwe ndilo lililoozeshwa Binti Mfalme. Mzee mmoja aliyekaa nyuma, Msukuma wa kweli, akanyoosha mkono kuuliza mahari ilikuwa ng'ombe wangapi.

Wapambe wengine wanabadilisha kitenzi hadi hakijitambui. Mgeni mmoja aliyelala gesti hapa mjini alitaka kuomba alipe kesho yake. Akamwambia mhudumu, "I have run out of money." Mkalimani wa kujitolea alikuwepo, mwanafunzi wangu, namsikitikia. Akatafsiri neno kwa neno: "Anasema amekimbia nje ya hela." Baraza lote likanyamaza. Maganzo tumeona watu wakikimbilia hela, wakikimbia na hela, na wengine wakikimbizwa kwa sababu ya hela. Anayeikimbia hatujawahi kumwona. Ikaamuliwa kwamba huyo ni mgonjwa, akanunuliwa soda.

Wapo pia wapambe wasiosema wamekuja na nani. Dalali mmoja mkubwa aliwatumia vijana wake wawili ujumbe kwa simu: "Check the man with the lens." Wa kwanza akazunguka mji mzima kumtafuta mtu mwenye lensi. Wa pili akachukua lensi ya kukagulia mawe, akamkuta mzee wa watu amekaa kijiweni, akaanza kumkagua usoni kuanzia paji hadi meno. Kesi ikaletwa kwangu. Nikalazimika kusema ukweli: wote wawili wamepatia. Kwa Kiingereza "with the lens" anaweza kuwa mpambe wa kitenzi au mpambe wa yule mtu, na hakuna anayemdai kitambulisho. Kiswahili kingemaliza ugomvi mapema: "mkague kwa lensi" ni jambo moja, "mkague mwenye lensi" ni lingine. Mzee alisema afadhali angeulizwa yeye.

Sasa twende kwa vielezi, ndugu zao wapambe hao. Hapa kuna habari njema. Kiingereza hupenda kupanga namna, kisha mahali, kisha wakati, na sisi mara nyingi tunapanga hivyo hivyo. Nikaandika ubaoni "Nilichimba kwa bidii Mwadui jana", ili waone inavyolingana. Darasa likaingiwa na hofu. "Mwalimu, futa hiyo," akasema mmoja, "huo ni ushahidi."

Ulinganifu unaishia hapo. "Naongea vizuri Kiingereza" kwetu ni sawa kabisa, ila Kiingereza hakiruhusu kielezi kikae kati ya kitenzi na kinachotendwa. Anayesema "I speak very well English" anajikanusha kabla hajafika mwisho wa sentensi. Bodaboda wangu naye anataka kujua kwa nini "He always comes late" ni sahihi na "He every day comes late" ni kosa, ilhali maana karibu ni moja na anayechelewa ni yule yule. Nilimjibu kwamba "always" anaruhusiwa kukaa mbele ya kitenzi, "every day" anakaa mwanzo au mwisho wa sentensi. Akasema hata chama chao cha bodaboda kina watu wa namna hiyo.

Aliyeumia zaidi ni kijana aliyeomba kazi ya ulinzi kwenye kampuni moja. Alitaka kusema amefanya kazi kwa bidii usiku. Alikwishajifunza kwamba "quick" huzaa "quickly", akaona "hard" naye azae. Akaandika: "I worked hardly at night with a torch." Maana yake ni kwamba usiku, akiwa na tochi, kazi aligusa kwa nadra sana. Huenda ni barua ya ukweli kuliko zote zilizowahi kuandikwa na mlinzi, lakini hakuitwa.

Dawa ya haya yote si mpya. A. S. Hornby, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Japani, aliona wanafunzi wake wakijua maana ya kitenzi bila kujua kinachokifuata. Kamusi aliyoiandaa na wenzake ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, kisha Oxford wakaitoa mwaka 1948, na ndani yake vitenzi vilipangiwa ruwaza: hiki hufuatwa na nini, kile na nini. Vizazi vyake bado vipo kwenye makabati ya shule nyingi, vimefunikwa vumbi.

Basi, msomaji, vitoe vumbi. Usikariri "look" peke yake ukadhani umemaliza: "look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza, na anayepoteza mzigo anataka kwanza ya kwanza. Andika kitenzi daftarini pamoja na wapambe wake, katika sentensi nzima. Walimu, mtakaposahihisha, msiweke tu alama ya mkasi. Onyesheni ni mpambe yupi aliyeachwa stendi. Na nyie wenye biashara, bango lisomwe kabla rangi haijanunuliwa. Kwangu kusomewa ni bure. Kufuta ukuta ndiko kwenye gharama.