Unakimbia Nini, Mwalimu?

Sumbawanga mtu mzima hakimbii hivihivi. Akikimbia, ama mvua inakuja, ama basi la Mbeya linaondoka, ama ng'ombe wake kaingia kwenye mahindi ya watu. Mimi nakimbilia nusu marathoni ya Kilimanjaro, kule Moshi, kilometa 21.1, na sababu hiyo hapa mtaani haijapata wa kuielewa.

Mwanzoni nilitoka alfajiri ili nisionekane. Mji mwingine ungekuwa ujanja. Lakini huu ni mji ambao ukiutaja tu ukiwa Dar es Salaam, watu wanakuuliza kama umekuja kwa basi au kwa ungo. Sasa mwanamume wa makamo, kaptula, anahema, anakatiza Kizwite kiza hakijaachia! Mama mmoja aliyekuwa anafagia uwanja nikampa shikamoo. Aliingia ndani na ufagio wake, akafunga mlango kwa komeo.

Nikahamia jioni, nikaangukia mikononi mwa bodaboda. Kila mmoja anapunguza mwendo: "Mwalimu, kuna msiba? Panda." Mmoja alinifuata taratibu mlima mzima, injini inanguruma mgongoni kwangu, kwa imani kamili kwamba abiria huyu anaiva. Alikuwa sahihi. Nililipa nauli.

Wanaojua mambo wananipa moyo: mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Moshi iko chini ya 1,000, kwa hiyo nikifika kule hewa itakuwa ya kumwaga. Wanasahau kwamba njia ya kule nayo inapanda kuelekea Mweka. Na hiyo hewa haba ya huku ndiyo nahangaika nayo kila jioni, hasa upepo wa Ufipa unapokuja kwa mbele na kunirudishia hatua zangu.

Masika yalipokolea, raba zangu za mtumba zikaanza kufungua mdomo. Tope jekundu linaingia mbele, linatokea kisiginoni. Nilizifunga kwa mpira wa tyubu, kama mzigo kwenye keria, nikawa nachechemea. Ndipo vijana wa kijiweni wakanibatiza Akhwari. John Stephen Akhwari alianguka kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaumia goti, akamaliza marathoni na bandeji zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Mimi nimeumizwa na soksi.

Jana nilikuwa nimeinama kando ya barabara nikitafuta pumzi, mzee mmoja akanipita na baiskeli ya magunia mawili ya mkaa, anaisukuma kupanda mlima. Akasimama kwa huruma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wanakulipa?"

"Hapana mzee, nalipa mimi. Kiingilio."

"Ukishinda?"

"Sitashinda. Lakini ukimaliza unapewa medali."

"Na wengine?"

"Wote wanaomaliza."

Akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akafuta jasho, akafikiri.

"Sasa si uwatumie hiyo hela, nao wakutumie medali kwa basi? Wewe mwenyewe ubaki hapa. Mahindi yangu yanataka palizi."