Bi Punju na Pakacha la Kunguru

Katika msitu wa Jozani, kisiwani Unguja, alikuwako mama mmoja wa kima punju aliyeamua kumsomesha mwanawe mwenyewe, nyumbani, juu ya mtondoo. Majirani walimwita Bi Punju, na mwanawe aliitwa Chando.

Nia yake ilikuwa njema. Barabara inayokatiza msitu ule hupita magari mchana kutwa, na ilibidi yawekwe matuta ya kupunguza mwendo kwa sababu kima punju walikuwa wakigongwa. Bi Punju hakutaka mwanawe aivuke kila asubuhi kwenda skuli ya ng'ambo. Tena alimjua Chando: akielezwa taratibu huelewa, akifokewa hujifunga. "Nitamfundisha mwenyewe," alisema, "nimjue naye anijue."

Siku ya kuanza alikuwa na vitu vinne katika tundu la mtondoo: kibao cha kuandikia, kipande cha mkaa alichookota kwenye tanuri la zamani, kitabu cha kwanza cha herufi na silabi, na bao alilorithi kwa mama yake, pamoja na kete zake 64 za komwe.

Wakaanza, na mambo yakaenda. Kima punju hana kidole gumba cha maana. Ana vidole vinne tu kila mkono, jumla vinane. Bao nalo lina mashimo manane kila mstari. Chando alikuwa akigusa kidole, akitia komwe shimoni, akitaja namba: moja, mbili, tatu, mpaka nane. Hapo vidole vikaisha na mstari ukaisha. Asubuhi moja mama yake alimwuliza, "Baada ya nane kuna nini?" Chando akatazama mikono yake, akatazama bao, akanyamaza. Aliulizwa tena, na mara ya tatu akazirusha komwe zikaanguka chini ya mti, akalia.

Chini ya mti ule aliishi Bi Nunga, paa nunga, na bintiye Mwaka. Riziki ya paa nunga iko chini ya kima: majani na matunda yanayodondoshwa juu ndiyo chakula chake. Siku ile zilidondoka komwe. Mwaka akaziokota moja moja, akazipanga juu ya jani.

Usiku ule Bi Punju hakulala. Mawazo matatu yalimjia. Labda mwanangu hana akili. Labda mimi sijui kufundisha. Labda bao hili limepitwa na wakati. Lile la tatu lilikuwa jepesi kulibeba kuliko mawili ya kwanza, naye akalishika hilo.

Asubuhi akaja Kunguru. Mababu zake waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, naye alijua kila jaa na kila duka la mjini. Kila kinachong'aa alikiokota, na kila alichokiokota kilikuwa na mnunuzi.

"Hodi, Bi Punju."

"Karibu, Bwana Kunguru."

"Nimesikia kijana kakwama kwenye hesabu. Nina vizibo vya soda mia moja, vyekundu na vya buluu. Watoto wa mjini ndivyo wanavyohesabia siku hizi. Pakacha moja tu la embe mbivu."

Kima punju hali embe mbivu. Tumbo lake limeumbiwa majani na matunda mabichi, na tunda lenye sukari nyingi humchachia tumboni. Kwa hiyo Bi Punju aliona kama amepewa bure: atatoa kitu asichokila, apate kitu anachokihitaji. Hakutia hesabuni kwamba kujaza pakacha la embe mbivu ni kazi ya asubuhi nzima, na asubuhi ndiyo ilikuwa saa ya masomo ya Chando.

Vizibo vilipokuja, Chando alifurahi. Akavipanga vyekundu huku, vya buluu kule, akahesabu mpaka nane, akakwama palepale. Bi Punju akajiambia kwamba kinachohitajika ni kitabu cha hesabu. Kunguru akakileta, pakacha moja. Kikafuata kitabu cha pili cha kusoma, ingawa cha kwanza kilikuwa hakijafika nusu. Ikaja saa ya kufundishia yenye mishale inayozunguka, ikaja ramani ya Ghuba ya Chwaka, vikaja vibao vingine vitatu. Kitabu cha pili cha kusoma kikanunuliwa tena kwa sababu kilitoka na picha mpya. Kikanunuliwa mara ya tatu kwa sababu cha pili hakikuonekana tundu lilipojaa.

Kunguru hakuwa mwizi. Vitu vyake vilikuwa vizima, na vingine vilikuwa vizuri kweli. Kilichomfundisha Bi Punju kuviona kuwa ni lazima kilikuwa ile hofu ya usiku.

Kila kipya kilipoingia, somo lilirudi mwanzo. Chando akawa bingwa wa a, e, i, o, u. Ba, be, bi, bo, bu aliziimba hata usingizini. Lakini "nya" na "ng'o" hakuwahi kuziona, maana ziko mwisho wa kitabu. Ungevishika vitabu vyake ungejua habari yote bila kuuliza: kurasa za mwanzo zilikuwa zimechakaa, pembe zimekunjika, alama za vidole vinne vinne zimejaa pambizoni, kurasa za mwisho zilikuwa bado zimegandana kama zilivyotoka dukani.

Ukafika msimu wa mikungu kuchipua. Majani machanga ya mkungu na ya mwembe yana protini nyingi, na kima punju huyapenda. Lakini yana pia kemikali zinazochafua tumbo. Dawa yake ni mkaa. Kima punju wa upande ule wa Jozani huuokota kwenye visiki vilivyoungua na kwenye matanuri ya wachoma mkaa, wakautafuna, nao huzinasa zile kemikali. Watafiti wa wanyama wameliandika jambo hilo, na wameona kwamba watoto hulijua kwa kuwatazama mama zao.

Chando alikula majani ya mkungu mpaka akashiba, na jioni tumbo likamjaa, akajikunja tawini analia. Bi Punju akaruka hadi kwenye tundu. Alikumbuka kwamba mwezi uliopita alinunua kitabu cha afya ya watoto. Akatoa vizibo, akatoa saa, akatoa ramani, akatupa vibao huku na huku, vitu vikawa vinaporomoka mpaka chini ya mti. Kitabu hakukiona.

Sauti ikatoka chini. "Shangazi! Umeangusha mkaa wenu."

Bi Punju akatazama. Ulikuwa kile kipande cha siku ya kwanza, kilichokuwa kimelaliwa na kila kitu kilichonunuliwa baadaye. Papo hapo akamkumbuka mama yake, na jinsi alivyokuwa akikaa pajani pake akimtazama anavyotafuna, kisha anamegewa kidogo. Hakusomea kitabuni. Akashuka, akauchukua, akampa Chando, akatafuna naye.

Usiku tumbo lilipotulia, Chando akauliza, "Mama, kumbe ulikuwa unaujua. Mbona hukunifundisha?"

"Nilikuwa nasubiri kitabu chake, mwanangu," akajibu, na maneno yale yalimuuma kuliko tumbo lilivyomuuma mtoto.

Asubuhi alishuka kuokota vitu vyake. Alimkuta Mwaka ameketi na komwe za zamani, amezipanga mistari miwili juu ya jani la mkungu, nane na nane. Mtoto alikuwa akisema peke yake, "Nane na moja tisa, nane na mbili kumi." Mstari wa kwanza ukijaa, alihamia wa pili.

"Nani kakufundisha hivyo?" Bi Punju akauliza.

"Mama. Tuna komwe kumi na sita tu, zile zilizoanguka kwenu. Na kitabu ni hiki, mlikitupa mlipopata kipya."

Kilikuwa kile kitabu cha kwanza. Jalada lilikuwa limetoka, na ukurasa wa mwisho, wa "nya" na "ng'o", ulikuwa umechakaa sawasawa na wa kwanza.

"Shoga yangu," Bi Punju akamwambia Bi Nunga, "wewe umewezaje kwa komwe kumi na sita, na mimi nimeshindwa kwa vizibo mia?"

"Mwaka naye alikwama kwenye nane," Bi Nunga akajibu. "Alilia kama alivyolia Chando. Sikuwa na embe za kumpa Kunguru, kwa hiyo nilibaki naye palepale. Siku nne tulikaa kwenye nane. Ya tano akaiona tisa mwenyewe. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Wewe kila mtoto alipokwama uliondoka kwenda kuchuma embe."

Bi Punju akainamisha kichwa. Bi Nunga akaendelea, "Lakini sasa nami nina upungufu. Kitabu tumekimaliza, mara mbili. Namwekea Kunguru pakacha langu la kwanza, nimwagize kitabu cha pili."

"Usimwekee," Bi Punju akasema. "Ninavyo vitatu. Havijafika hata nusu."

Siku ile alitandika mkeka, akatoa kila kitu tunduni, akakipanga mafungu matatu. Fungu la kwanza: kinachotumika kuanzia leo. La pili: cha kungoja mpaka la kwanza liishe. La tatu: cha kuwapa wenzake. La kwanza lilikuwa dogo sana: bao, kibao kimoja, mkaa, na kitabu kimoja. Cha kwanza kilirudi kwa Chando, cha pili kikaenda kwa Mwaka.

Somo likaanza tena, safari hii bila kurudi kwenye a. Bi Punju aliweka komwe mbili katika kila shimo, kama wanavyofanya wanaoanza kucheza bao la kujifunza. Mstari mmoja: mashimo manane, komwe kumi na sita. Upande mmoja: mistari miwili, komwe thelathini na mbili. Bao zima: mashimo 32, komwe 64. Komwe zile kumi na sita aliziacha kwa Mwaka, na mahali pake akaweka vizibo. Chando alipofika mwisho wa mstari wa kwanza alisita, akatazama vidole vyake. Mama yake hakuondoka. Chando akanyoosha mkono, akagusa shimo la kwanza la mstari wa pili. "Tisa," akasema.

Kunguru alikuja na pakacha tupu. "Kuna toleo jipya, Bi Punju, lina nyimbo."

"Nashukuru, Bwana Kunguru. Tukifika ukurasa wa mwisho nitakuita, na nitakutajia jina la kitu ninachokitaka."

Kunguru hakukasirika. Alikuwa mfanyabiashara, na mteja anayejua anachokitaka hamsumbui mfanyabiashara.

Mzazi mwenzangu, hekaya hii ni yako na ni yangu. Machi 2020, shule zilipofungwa Tanzania na Kenya, wazazi wengi walijikuta walimu kwa ghafla, na baadhi yao wameendelea kuwafundisha watoto nyumbani hata baada ya milango kufunguliwa. Ni kazi ya heshima kubwa. Ni kazi inayotisha pia, maana mtoto akikwama hakuna mwalimu mwingine wa kulaumiwa. Hofu hiyo ndiyo inayotupeleka dukani. Ndiyo inayotujazia simu mafaili ya mazoezi tusiyoyafungua, na rafu vitabu vya darasa la tatu ilhali cha darasa la pili kimeishia katikati. Kununua kunatupa hisia kwamba tumefanya jambo kwa ajili ya mtoto, na siku hiyohiyo mtoto hakufundishwa.

Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, toa kwanza kila ulichonacho. Mali bila daftari hupotea bila habari, andika orodha. Vitabu, kadi, rula, kalenda ya ukutani, bao, kanga zenye maandishi ambayo mtoto anaweza kuyasoma, mizani ya jikoni. Andika pia unachokijua wewe mwenyewe kwa mikono: kupima unga, kusuka ukili, kusoma majira ya kusi na kaskazi, kuhesabu chenji sokoni. Vitu hivyo havina jalada, ndiyo maana tunavisahau, na mtoto anavikosa huku tukisubiri kitabu chake.

Kisha angalia kurasa. Zikiwa za mwanzo zimechakaa na za mwisho zimegandana, tatizo si kitabu. Rudi pale mtoto alipokomea na ukae naye hapo, hata kama ni siku nne, hata kama analia. Mtoto hukua penye ugumu huo, na hapo ndipo anapomhitaji mzazi.

Siku itakuja ambayo kweli utahitaji kununua, na ununue bila kusita. Utaijua siku hiyo kwa alama moja: upungufu wa kweli una jina. Utaweza kusema ni somo gani limekwama, kwa sababu gani, na ni kitu gani kitalisogeza. Kama huwezi kulitaja, bado hujakosa kitu; umeogopa tu, na hofu hiyo haiuziwi dawa dukani. Itaondoka kesho asubuhi, ukiketi na mwanao na kufungua ukurasa unaofuata wa kitabu mlichonacho.